Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyeyasoma mataya ya watoto wa Kanda ya Ziwa

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji aje kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu kulia na kushoto, taya la chini kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na kukaa ovyo.

Daktari aliyeitwa ni Denis Burkitt. Jipu la jino alilijua, na saratani ya mfupa aliijua. Lakini jipu halishiki pembe nne za kinywa kwa wakati mmoja, na saratani ya mfupa kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Hakuwa na jibu wala tiba. Alimpiga picha mtoto na kuandika alichokiona.

Ugonjwa ule leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe za kinga ya mwili, na huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi katikati ya eneo lake. Tunaeleza maisha ya daktari huyu kwa sababu wazazi wa Pasiansi na mitaa jirani hutuletea maswali mawili yanayofanana kwa nje: doa jeusi lililoonekana kwenye picha ya eksirei ya meno, na mtoto ambaye taya linavimba. Mara nyingi la kwanza si ugonjwa kabisa. La pili linaweza kuwa la kufa na kupona.

Mtoto wa mhandisi wa barabara

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ayalandi ya Kaskazini ya leo. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyesimamia barabara, na baada ya kazi alipenda ndege. Aliwavisha ndege wadogo wa bustanini pete miguuni, kisha akachora kila mmoja anaishi wapi na mpaka wake na jirani uko wapi. Sisemi kwamba tabia ya kuchora ramani hurithiwa, ila kwa mtoto huyu ni vigumu kutoliona hilo.

Akiwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilivunja miwani yake, vioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Alikua akitumia jicho moja, na alianza kusoma uhandisi katika Trinity College mjini Dublin kabla ya kuhamia udaktari. Alimaliza mwaka 1935, akafuzu upasuaji Edinburgh mwaka 1938. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita vikuu vya pili vikambeba: mwaka 1941 aliingia jeshini kama daktari, akaletwa Kenya, na akapata nafasi ya kuiona Uganda. Vita vilipokwisha aliomba tena, akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikutana na wanaume wengi wenye mabusha. Kuyapasua ilikuwa kazi ya kila siku, na daktari mwingine angeendelea kupasua tu. Burkitt alianza kuwauliza wagonjwa wametoka kijiji gani. Akagundua kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi walikuwa wachache mno. Sababu ilikuwa minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ambayo haikusambaa sawasawa katika wilaya. Swali lile la kijiji gani ndilo lililokuja kumsaidia tena miaka zaidi ya kumi baadaye.

Mtoto wa pili

Wiki chache baada ya kumwona yule mtoto wa Mulago, Burkitt alikwenda Jinja, mji ulio pale Mto Nile unapotoka ziwani. Akiwa anamaliza kupitia wagonjwa, alitazama nje ya dirisha na kumwona mtoto ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka kwenda kumpima, na tumboni pia akakuta uvimbe.

Hapo akaacha kuuona ugonjwa huo kama jambo la kinywa. Alirudi Kampala, akapekua mafaili ya Mulago na kumbukumbu za uchunguzi wa maiti. Watoto walioandikwa kuwa na uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini au mayai ya uzazi, na kila daktari alikuwa amekipa kiungo chake jina lake. Kwa Burkitt ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha makala juu ya watoto 38. Wataalamu wa kuchunguza nyama za mwili, akiwemo Greg O'Conor aliyekuwa Kampala wakati huo, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni: Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alishaacha katika madaftari yake maelezo ya watoto wenye mataya ya namna hiyo.

Tundu ambalo kila mtu analo

Hapa tusimame kidogo kwenye picha ya eksirei, maana bila kujua taya zima linavyoonekana hutajua taya gonjwa.

Ndani ya taya la chini, kila upande, hupita mshipa wa fahamu, yaani neva. Huingia kwenye mfupa kwa nyuma, karibu na mahali taya linapopanda kuelekea sikio, husafiri katika mfereji chini ya mizizi ya magego, kisha tawi lake hutokea nje ya mfupa kwa mbele kupitia tundu dogo. Tundu hilo tuliite tundu la kidevu, kwa sababu neva inayotoka hapo huleta hisia za kidevu na mdomo wa chini. Ukichomwa sindano ya ganzi ung'olewe gego la chini, kisha nusu ya mdomo ikawa kama si yako, ni neva hiyo iliyolala.

Mfupa huonekana mweupe kwenye eksirei, na mahali penye uwazi huonekana peusi. Kwa hiyo tundu la kidevu hutokea kama doa jeusi la duara au la yai, dogo, karibu na ncha za mizizi ya magego madogo mawili yanayofuata chonge. Na hapohapo ndipo usaha wa jino lililooza nao huonekana kama doa jeusi. Ndiyo maana watu huchanganya.

Mahali pa tundu hapafanani kwa watu wote. Mwaka 1992 Mwaniki na Hassanali walichapisha vipimo vya mifupa ya mataya ya Wakenya, na mwaka 2007 Fabian akachapisha vya mataya ya wanaume Watanzania. Katika kazi zote mbili mahali palipoonekana mara nyingi zaidi ni chini ya gego dogo la pili. Lakini kuna watu ambao tundu lao liko mbele zaidi, katikati ya magego madogo mawili, au nyuma zaidi kuelekea gego kubwa la kwanza. Kulia na kushoto kwa mtu mmoja huenda kusilingane. Wapo wenye matundu mawili upande mmoja, la pili likiwa dogo. Na kwenye baadhi ya picha tundu halionekani kabisa ingawa lipo, kwa sababu ya pembe ya kupigia picha.

Umri nao hulihamisha. Kwa mtoto mchanga tundu liko mbele, karibu na mahali pa chonge, na taya likirefuka uhusiano wake na meno husogea kurudi nyuma. Kwa mzee aliyepoteza meno yote mfupa wa juu huliwa taratibu hadi tundu linakaribia ukingo wa fizi. Bibi anayelalamika kwamba meno ya bandia yanampiga shoti mdomoni anasema kweli: yanakanyaga neva. Aeleze kliniki, yachongwe upya.

Daktari wa meno ana njia za kutofautisha tundu na ugonjwa. Huangalia mstari mwembamba mweupe unaouzunguka mzizi wa jino. Ukiwa haujakatika, doa lile pengine ni jirani tu. Hupima jino kama lina uhai, kwa mfano kwa kuligusa na kitu baridi. Hupiga picha nyingine kwa pembe tofauti: tundu likiwa mbali na mzizi, doa husogea na kuachana nao, lakini usaha uliopo kwenye ncha ya mzizi hubaki na mzizi wake. Na hulinganisha na upande wa pili. Kwa hiyo ukiambiwa jino lisilouma ling'olewe kwa sababu ya doa jeusi peke yake, una haki ya kuuliza, kwa heshima, kama jino limepimwa na kama picha ya pili inahitajika. Jino zima likishang'olewa halirudi.

Limfoma ya Burkitt huonekana tofauti. Daktari wa meno A. K. Adatia, aliyefanya kazi Kampala miaka ya 1960, alichunguza kwa makini mataya na meno ya watoto hao. Uvimbe hutambaa ndani ya mfupa kuzunguka mizizi na vijimeno vinavyosubiri kuota. Ule mstari mweupe hufutika, na mara nyingi kwenye meno kadhaa, wakati mwingine hata kabla uso haujavimba sana. Vijimeno husukumwa nje ya mahali pake, na katika hali ya mbele meno huonekana kama yanaelea. Uvimbe ukibana neva, mdomo wa chini au kidevu hufa ganzi bila sindano yoyote. Doa moja dogo lenye ukingo safi, kwa mtoto ambaye meno yake yamekaza na uso wake uko sawa, halina sura hiyo.

Safari ya mwaka 1961

Turudi kwa Burkitt. Daktari mmoja kutoka Afrika Kusini alipomweleza kwamba kwao hawauoni ugonjwa huu, lile swali la Lira likarudi: unaanzia wapi na kuishia wapi? Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu yalipokuja alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikajipanga kama mshipi mpana kukatisha katikati ya Afrika, zikiwa na mkia unaoteremka pwani ya mashariki.

Barua hazikumtosha. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la Ford. Walishuka kupitia Kenya na Tanganyika, iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba, wakaendelea hadi Afrika Kusini. Walikwenda takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakisimama hospitali hadi hospitali na kuwauliza wahudumu kama wamewahi kuwaona watoto kama wale wa kwenye picha. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Hakuwa na mashine. Alikuwa na picha, swali, na subira ya kuwasikiliza wahudumu wa hospitali za vijijini.

Mpaka waliouona ulifuata mwinuko wa ardhi. Karibu na ikweta ugonjwa ulipotea katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mwinuko huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, aliitazama ramani akasema habari ni ya joto na mvua, si ya milima. Ni mahali ambapo mbu hustawi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pasiansi, Ukerewe, Sengerema, Musoma, zote zimo ndani.

Virusi, malaria na dawa

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali moja mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kana kwamba kimeoza. Kumbe zilikuwa chembe za uvimbe zilizo hai zikielea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona ndani yake. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Msomaji asiogope hapo. Kirusi hicho, cha Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima anacho. Huku kwetu watoto wengi hukipata kwa mate wakiwa wadogo na hawaugui chochote. Saratani yenyewe haiambukizwi: mtoto mgonjwa anaweza kula sahani moja na ndugu zake. Kinachoonekana kuleta tofauti ni malaria ya mara kwa mara, ambayo hulegeza ulinzi wa mwili dhidi ya kirusi hicho. Ng'ambo ya Mwanza, wilaya ya North Mara, jambo hili lilijaribiwa kati ya 1977 na 1982 kwa kuwapa watoto klorokwini ya kuzuia malaria. Wagonjwa wa limfoma walipungua, kisha wakaongezeka tena baadaye. Lakini kwa kuwa kupungua kulianza kabla ya dawa, watafiti hawakuweza kuipa dawa sifa yote. Hata hivyo chandarua na matibabu ya haraka ya malaria yana faida nyingine nyingi.

Kuhusu tiba, Burkitt mpasuaji alikubali mapema kwamba kisu hakifai. Ukikata taya, ugonjwa ungali tumboni. Mashine ya mionzi Kampala haikuwepo. Alipata dawa za saratani kupitia madaktari wa Marekani waliotaka kuzijaribu, na kuanzia mwaka 1960 hivi aliwapa watoto. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipata dozi chache tu na hawakuugua tena, jambo ambalo siku zile lilikuwa nadra kwa saratani yoyote ile. Mwaka 1967 kituo maalum cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago.

Burkitt mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Alirudi Uingereza mwaka 1966, baada ya miaka 20 Uganda, na maisha yake ya pili ya umaarufu yalikuwa ya chakula: aliwahimiza Wazungu wale nafaka zisizokobolewa, akikumbuka jinsi wagonjwa wake wa vijijini walivyokula. Baadhi ya aliyoyasema kuhusu nyuzinyuzi utafiti uliyathibitisha, mengine uliyapunguza. Wauza sembe wasingempenda. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Kwa mzazi wa leo

Limfoma ya Burkitt hukua haraka kuliko karibu uvimbe wowote mwingine wa binadamu; chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo wiki tatu za kusubiri si kitu kidogo.

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake ukiona taya linavimba na kuzidi siku hadi siku, hata kama halimuumi. Vivyo hivyo meno yanapolegea kwa mtoto ambaye umri wake wa kung'oka meno haujafika, au magego ya nyuma yakilegea pamoja, jicho likitokeza, tumbo likijaa, miguu ikikosa nguvu, au mtoto akisema mdomo wake wa chini hausikii. Matubwitubwi huvimba zaidi chini ya sikio, kwa kawaida na homa, na hupungua ndani ya wiki moja hivi. Jipu la jino huwa na jino bovu linaloonekana na huuma. Uvimbe ukipewa dawa ya usaha na haujapungua baada ya siku chache, usikubali dozi ya pili kabla mtoto hajaonwa na daktari. Usikubali pia meno yaliyolegea yang'olewe moja baada ya jingine bila mtu kueleza kwa nini yamelegea.

Eksirei husaidia kushuku, lakini haimalizi. Uthibitisho ni kipimo cha kipande kidogo cha uvimbe kinachochunguzwa kwa darubini. Kwa Mwanza rufaa ya watoto hawa huenda Bugando, ambako kuna huduma ya saratani za watoto. Matibabu ni dawa za kupitia mshipani kwa awamu. Uvimbe hunywea mapema, na hapo ndipo baadhi ya familia hurudi nyumbani zikidhani imekwisha. Haijakwisha: awamu zilizobaki ndizo zinazozuia usirudi. Kama nauli au gharama inakushinda, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali uwaeleze kabla hujaondoka na mtoto.

Unapokwenda, beba kadi ya kliniki na picha zote za eksirei, hata zile ulizoambiwa hazina kitu, kwa sababu daktari atataka kulinganisha ya mwezi uliopita na ya leo. Andika tarehe uliyoona uvimbe kwa mara ya kwanza. Na kama una picha ya mtoto kwenye simu iliyopigwa kabla ya kuvimba, mwonyeshe.